Zebaki kutoka Mwaloni hadi kwa Sangara: Mwongozo wa Kuifuatilia na Kuizuia katika Vijiji vya Ukanda wa Ziwa Victoria

Wachimbaji wadogo wa dhahabu katika mikoa ya Geita, Shinyanga na Mara hutumia zebaki kwa sababu haihitaji mtaji mkubwa na humpa mtu dhahabu mkononi siku ileile. Zebaki hiyo haibaki machimboni. Sehemu yake huchukuliwa na maji ya kuoshea mchanga na sehemu nyingine hupanda angani wakati wa kuchoma donge la dhahabu na zebaki, kisha hushuka tena ardhini na kusombwa na mvua hadi mitoni, kwenye vinamasi vya mafunjo na ziwani. Tathmini ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio unaoongoza duniani kwa zebaki inayotokana na shughuli za binadamu na kuingia hewani, kwa karibu asilimia 38 ya jumla.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kamati za mazingira za vijiji, BMU (vikundi vya wavuvi vya usimamizi wa mialo), jumuiya za watumia maji, walimu wa sayansi na viongozi wa vikundi vya wachimbaji. Mara nyingi kijiji chenye wasiwasi huchota chupa moja ya maji ya mto, huipeleka maabara, hupata majibu mazuri na kulifunga suala hapohapo. Jibu hilo linaweza kuwa sahihi kabisa kuhusu maji na bado likaficha tatizo lote, kwa kuwa zebaki hukaa kwenye matope na katika miili ya viumbe, huku maji yanayopita juu yake yakionyesha kiasi kidogo sana. Kwa hiyo anayeitafuta aanze na tope na samaki, na anayetaka kuizuia aanze na moto wa kuchomea dhahabu.

Hatua ya kwanza: Ielewe safari ya zebaki

Zebaki ya majimaji ina uzito wa mara 13.6 ya maji. Inapomwagika mwaloni, yaani mahali wachimbaji wanapooshea mchanga wenye dhahabu, huzama mara moja, huingia katika nyufa za miamba na kujikusanya chini ya changarawe, na kila mafuriko ya masika huisogeza mbele kidogo. Chembe ndogo sana, ambazo wachenjuaji (wanaotenganisha dhahabu na mawe) huziona kama vumbi la kijivu juu ya maji ya beseni, hazizami haraka. Hizo hushikamana na udongo mwembamba na kusafiri kwa kilomita nyingi.

Katika hali hiyo ya majimaji, zebaki haifyonzwi sana na utumbo wa mnyama au wa mtu. Hatari kubwa huanza inapofika mahali penye tope jeusi lisilo na oksijeni, kama vile chini ya bwawa lililotuama au kati ya mizizi ya mafunjo. Humo huishi bakteria wanaoigeuza kuwa methilizebaki, ambayo hufyonzwa karibu yote na mwili na hutoka polepole mno. Kinamasi cha mafunjo kwa hiyo kina tabia mbili: huzuia tope lenye zebaki lisifike ziwani, na wakati huohuo hutoa mazingira ambamo zebaki hugeuzwa kuwa sumu kali zaidi. Wanaopendekeza kinamasi kiwe chujio la maji ya machimbo wanapaswa kuifikiria sana tabia hiyo ya pili.

Kutoka kwenye tope, methilizebaki huingia katika mwani na vijidudu vya majini, kisha katika dagaa na furu, kisha katika sangara anayewala. Kila ngazi hukusanya sumu ya ngazi iliyo chini yake, kwa sababu mlaji hula wengi na hutoa kidogo. Ndiyo maana nyama ya samaki mkubwa mla samaki inaweza kuwa na methilizebaki mara milioni moja au zaidi ya ile iliyomo katika maji anamoogelea, na karibu zebaki yote iliyomo katika nyama hiyo huwa ni ya aina hii. Juu ya sangara wapo furukombe, mnandi, fisi maji, mamba na binadamu.

Tusidhani kwamba safari hii huishia majini. Katika bonde la mto South River, jimboni Virginia nchini Marekani, ambako kiwanda kilivujisha zebaki kati ya mwaka 1929 na 1950, watafiti waligundua miongo mingi baadaye kwamba ndege wadogo wa nchi kavu, wasiokula samaki kamwe, walikuwa na zebaki nyingi katika damu zao. Waliipata kwa kula buibui waliokuwa wamekula wadudu waliotoka mtoni. Mto uliochafuliwa hulisha pia msitu na mashamba yaliyo kando yake.

Hatua ya pili: Chora ramani ya vyanzo

Kabla ya kununua chupa hata moja ya sampuli, kaeni na wachimbaji wenyewe na mchore ramani. Bila wao ramani itakuwa ya kubahatisha, na wakiona kwamba lengo ni kuwashitaki hawatasema lolote. Waulizwe karasha (mashine za kusagia mawe) ziko wapi, mialo ya kuoshea iko umbali gani kutoka mtoni, marudio (mchanga unaobaki baada ya dhahabu kutolewa) hurundikwa wapi, ni nani hununua marudio hayo na huyapeleka kwenye mitambo gani ya sayanaidi (kemikali ya sumu inayoyeyusha dhahabu iliyosalia), na dhahabu huchomwa wapi. Swali hili la mwisho ndilo linalosahaulika sana. Katika maeneo mengi dhahabu huchomwa uani, jikoni, au katika duka la mnunuzi lililo katikati ya senta, yaani mahali penye watoto na chakula.

Ramani hiyo ionyeshe pia visima, sehemu za kunyweshea mifugo, mashamba ya mpunga, mazalia ya samaki na mahali mto unapopunguza kasi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa ziwa. Pimeni umbali huo kwa kamba na mwuweke kwenye ramani. Kwa maoni yangu, mchoro mmoja uliokubaliwa na wavuvi na wachimbaji katika mkutano wa kijiji una nguvu kuliko malalamiko mengi yaliyoandikwa bila ushahidi wa mahali.

Hatua ya tatu: Waangalie viumbe, lakini msikimbilie hukumu

Samaki wanapokufa kwa wingi kwa siku moja, sababu yake kwa kawaida si zebaki. Sayanaidi iliyovuja, upungufu wa oksijeni au dawa ya kilimo iliyosombwa na mvua huua kwa saa chache, na tukio kama hilo linapaswa kuripotiwa siku hiyohiyo. Zebaki hufanya kazi polepole. Ndege walao samaki hutaga mayai machache zaidi au hushindwa kulea makinda, na samaki huzaa kwa udhaifu. Hayo huonekana kwa miaka na wala si kwa mizoga. Andikeni kila mwaka idadi ya viota vya furukombe na makundi ya mnandi katika sehemu zilezile, na unyoya ulioanguka chini ya kiota ukihifadhiwa katika bahasha ya karatasi unaweza kupimwa baadaye, kwani ndege huitoa zebaki mwilini kupitia manyoya.

Hatua ya nne: Chukueni sampuli kwa utaratibu

Chagueni vituo visivyopungua vinne: kimoja juu ya machimbo yote, ambacho ndicho cha kulinganishia, kimoja chini kidogo ya mialo, kimoja mbali zaidi, mahali mto unapotulia, na kimoja kwenye mlango wa mto ziwani. Bila kituo cha juu hamtaweza kujibu hoja kwamba zebaki ilikuwemo katika udongo tangu zamani. Anzeni kazi kutoka kituo safi kuelekea kilicho kichafu, msije mkabeba uchafu kwa mikono na vyombo vyenu.

Kwa matope, tafuteni mahali udongo mwembamba unapotuama, kwa mfano ndani ya kona ya mto, na mchote tabaka la juu lenye unene wa sentimita 5 hivi. Changarawe na mchanga mzito haufai, kwa kuwa punje moja ya zebaki ikiingia humo majibu yatapaa bila sababu, na isipoingia yatashuka vivyo hivyo. Changanyeni michoto kadhaa ya kituo kimoja katika chombo safi, jazeni kopo, andikeni tarehe, saa, mahali na hali ya mvua, kisha liwekeni katika ubaridi hadi lifike maabara.

Kwa samaki, pimeni urefu na uzito wa kila mmoja kabla ya kumkata. Chukueni nyama ya mgongoni isiyo na ngozi, kiasi cha gramu 10 hadi 20, ifungeni na kuigandisha. Jambo lenye uzito hapa ni kuwa na samaki wa ukubwa mbalimbali wa aina moja, pamoja na aina zilizo katika ngazi tofauti za ulaji: sato ambaye hula zaidi mwani, dagaa anayekula vijidudu, na sangara. Sangara mmoja mkubwa peke yake hawezi kuueleza mto, kwa sababu yaelekea amezunguka maji mengi katika maisha yake. Kambare na samaki wadogo wasiohama, wanaokaa katika mabwawa ya machimbo na vijito vya jirani, husema ukweli zaidi kuhusu mahali penyewe.

Ikiwa bado mnataka kupima maji, msitumie chupa za plastiki za kawaida, kwani mvuke wa zebaki hupenya plastiki na zebaki yenyewe hujibandika ukutani mwa chupa. Ombeni maabara iwape chupa za kioo zilizooshwa kwa asidi, zijazeni hadi juu bila nafasi ya hewa, na mzifikishe haraka. Mara ya kwanza pimeni katika kiangazi, na mara ya pili baada ya mvua kubwa za mwanzo, wakati mto una rangi ya udongo.

Mahali pa kuulizia vipimo ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi (TAFIRI), Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria na idara za kemia za vyuo vikuu. Ulizeni mapema kama maabara inapima zebaki jumla au methilizebaki. Kwa nyama ya samaki wakubwa zebaki jumla inatosha, kwa sababu karibu yote ni methilizebaki. Kwa matope vipimo hivyo viwili hutofautiana sana.

Hatua ya tano: Yasomeni majibu bila woga na bila kujidanganya

Shirika la Afya Duniani limependekeza kikomo cha mikrogramu 6 za zebaki isiyo ya methili kwa lita ya maji ya kunywa. Kwa samaki, kikomo kinachotumiwa sana katika biashara ni miligramu 0.5 kwa kilo ya nyama. Lakini kikomo cha biashara hakimwambii mama mjamzito ale kiasi gani. Kwake tumieni kiwango cha wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Shirika la Afya Duniani (WHO), ambacho ni mikrogramu 1.6 za methilizebaki kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa wiki.

Hesabu yake ni hii. Mwanamke mwenye kilo 60 anaruhusiwa mikrogramu 96 kwa wiki. Samaki akiwa na miligramu 0.1 kwa kilo, yaani mikrogramu 100, mwanamke huyo anaweza kula gramu 960 kwa wiki bila kuvuka kiwango. Samaki akiwa na miligramu 0.5, anabakiwa na gramu 192 tu, ambazo ni mlo mmoja wa wastani. Samaki yuleyule ambaye sokoni angepita bila swali anaweza kuwa mwingi mno kwa familia inayokula kitoweo hicho kila siku.

Habari njema ni kwamba tafiti zilizofanywa katika Ziwa Victoria zimeonyesha kwamba samaki wengi wa ziwani wako chini ya vikomo vya kimataifa, na kwamba katika sangara kiwango hupanda kadiri anavyokua. Msiwaambie watu waache samaki. Protini, madini na mafuta ya samaki hujenga ubongo wa mtoto, na mbadala wake katika kaya nyingi za mwambao ni ugali na mboga peke yake. Ushauri unaofaa ni huu: dagaa na sato waliwe kwa uhuru, sangara mkubwa sana asiwe chakula cha kila siku cha wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo, na samaki wa mabwawa yaliyo ndani ya machimbo wasiliwe hadi wapimwe. Kukaanga, kubanika au kukausha hakuondoi methilizebaki, kwa kuwa imejifunga katika nyama yenyewe wala haimo katika mafuta.

Kwa nini wajawazito watajwe kwanza? Huko Minamata nchini Japani, ambako kiwanda kilimwaga zebaki katika ghuba kuanzia mwaka 1932 hadi 1968, ugonjwa ulitambuliwa rasmi Mei 1956 baada ya paka wa wavuvi kuanza kutetemeka, kuzunguka na kuanguka. Baadaye ilionekana kwamba akina mama wenye dalili ndogo, au wasio na dalili kabisa, walizaa watoto wenye ulemavu mkubwa wa ubongo. Methilizebaki hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto aliye tumboni.

Hatua ya sita: Izuieni kwenye chanzo

Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika Agosti 2017 na ambao Tanzania ni mwanachama wake, unataja vitendo vinne vinavyopaswa kukomeshwa: kutia zebaki katika mzigo mzima wa mawe yaliyosagwa, kuchoma donge la dhahabu na zebaki hadharani, kulichoma katika makazi ya watu, na kutia sayanaidi katika marudio yenye zebaki bila kwanza kuiondoa zebaki hiyo. Ningeanza na moto.

Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, kwa hiyo donge linapochomwa katika sahani ya wazi, karibu zebaki yote hugeuka mvuke usio na rangi wala harufu, unaoingia mapafuni na kupita katika damu. Mvuke huo huumiza ubongo na figo. Mtetemeko wa mikono kwa wachomaji wa muda mrefu hutokana na jambo hili. Chombo cha kuchomea kilichofungwa, ambacho wachimbaji hukiita retoti, hupitisha mvuke katika bomba linalopozwa kwa maji na kurudisha zaidi ya asilimia 90 ya zebaki ili itumike tena. Mafundi wa kuchomelea wanaweza kukitengeneza kwa vipande vya bomba la chuma. Msitumie bomba la mabati, kwa kuwa zinki yake hutoa moshi wa sumu.

Masharti ya kukitumia yafuatwe kikamilifu. Kifaa kiwekwe nje, mbali na nyumba, na upepo uwe mgongoni. Mdomo wa bomba usizamishwe ndani ya maji, kwa sababu kifaa kikianza kupoa huyavuta maji hayo hadi kwenye chuma chenye moto na kinaweza kulipuka. Uzungushieni kitambaa kilicholowa kinachoning'inia hadi kugusa maji. Kifunguliwe baada ya kupoa kabisa, kamwe si dhahabu ikiwa bado ya moto. Mnunuzi wa dhahabu naye awe na utaratibu huohuo, kwani huichoma tena ili kuondoa mabaki.

Hatua inayofuata ni kupunguza mzigo unaoguswa na zebaki. Wachenjuaji wakisaga vizuri, wakapitisha mchanga kwenye mwalo wenye mikeka mizuri, kisha wakatia zebaki katika mchanga mzito uliobaki kwenye mikeka peke yake, upotevu hupungua sana, kwani wanaotia zebaki katika mzigo mzima huweza kupoteza zaidi ya gramu 10 za zebaki kwa kila gramu ya dhahabu. Dhahabu ikiwa ya punje nzuri, mchanga huo uliooshwa vizuri unaweza kuyeyushwa moja kwa moja kwa boraksi (unga wa chumvi unaosaidia dhahabu kuyeyuka) bila zebaki yoyote, kama wafanyavyo wachimbaji wa Benguet nchini Ufilipino kwa miaka mingi. Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) lina vituo vya mfano vya uchenjuaji huko Lwamgasa na Katente mkoani Geita, na Itumbi wilayani Chunya, na kikundi chenye nia kifanye ziara huko kabla ya kununua mitambo.

Marudio yaliyokwisha kuguswa na zebaki yatunzwe ndani ya mabwawa yenye kingo imara na sakafu ya udongo wa mfinyanzi, juu ya usawa wa mafuriko. Yakitiwa sayanaidi, zebaki huyeyuka na kusafiri kwa urahisi zaidi hadi mtoni. Zebaki isiyotumika ihifadhiwe katika chupa nene yenye maji kidogo juu yake na kizibo kinachobana. Ikimwagika ndani ya nyumba, fungueni madirisha, waondoeni watoto, kusanyeni matone kwa kadi ngumu na mnyunyize unga wa salfa katika nyufa. Msitumie ufagio, kwani huisambaza.

Panapokuwa na ukaidi, pelekeni ramani na majibu ya maabara kwa afisa mazingira wa wilaya, ofisi ya kanda ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) na Afisa Madini Mkazi, kwa barua yenye nakala inayogongwa mhuri wa kupokelewa.

Hatua ya saba: Rudieni vipimo mahali pale pale

Tope lililokwisha kuchafuka halitasafika kwa mwaka mmoja, na kamati itakayopima tope peke yake itakata tamaa mapema. Kipimo kinachoonyesha mabadiliko haraka ni samaki wachanga. Kila mwaka, mwezi uleule, vueni samaki kumi hadi ishirini wa aina moja wasiohama, wenye urefu unaokaribiana na ambao hawajatimiza mwaka, katika kituo cha juu na cha chini ya mialo. Sumu iliyo katika miili yao ni ya msimu huo tu, kwa hiyo retoti zikifanya kazi kweli, tofauti kati ya vituo hivyo viwili itaanza kupungua humo kabla haijapungua mahali pengine popote. Majibu yabandikwe kwenye mwalo wa wavuvi na kwenye karasha, pamoja na urefu wa samaki waliopimwa, ili kila upande uyaone yaleyale.